Mwamba Uitwao Kinyozi

Jumapili, 4 Mei

Kwako Dagaa wangu,

Marahaba ya shikamoo yako, na nyingine ya akiba kwa ile utakayonipa barua ijayo. Barua yako ilifika Ijumaa ndani ya gunia la foronya za hoteli yenu. Safari hii Dereva wa lori la kiwanda chetu cha kufulia aliiweka juu kabisa kama nilivyomwagiza, maana ile ya mwezi uliopita aliitupia chini ya taulo za bwawa, ikafika imelowa kama imelia njia nzima. Nilimpa vidonge vyake. Watu wananiambia, si upige simu tu? Simu inakata maneno. Na simu huwezi kuwasomea watu.

Sasa nisikilize. Nimeisoma mbele ya wote. Unajua mambo yetu hapa kiwandani: mashuka yakishatoka kwenye kikaushio kazi ni kukunja, na shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mimi nashika upande huu, Bi Pasi upande ule, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Basi barua naibana na kibanio kwenye waya mbele ya uso wangu, nakunja nasoma, nasoma nakunja. Nilipofika pale uliposema kwamba mwezi ujao wewe na rafiki yako Ngazi mnakwenda kwenye mwamba wa kule visiwani, kuteleza juu ya lile wimbi ambalo wanaume wazima huenda kulitazama wakarudi na mbao zao kavu, nilisimama. Nikarudia kwa sauti ya juu. Msimamizi akatoa kichwa ofisini: "Mama Dagaa, kuna moto?" Nikamwambia moto upo, na nimeuzaa mimi.

Tuna wasichana wawili wapya hapa, hawakujua kuteleza mawimbini ni kitu gani. Nikawaeleza: mwanangu analala kifudifudi juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono mpaka huko nje wimbi linakozaliwa, na wimbi likija anainuka anasimama juu ya ubao huo, na linambeba. Mmoja akasema, "Halafu?" Halafu nini? Nikamuuliza, wewe umewahi kubebwa na nini zaidi ya mgongo wa mama yako?

Mimi mzima. Ni miguu tu, ikifika jioni navua viatu naiangalia kama miguu ya mgeni. Mashine kubwa imekufa tena kwa hiyo tunaongezewa zamu. Lakini nikisoma barua zako nasahau. Andika kwa urefu. Wimbi hilo linaitwaje, lina kimo gani, mnakwenda na nini. Wenzangu wanataka kujua kila kitu.

Na Bi Pasi anauliza kama huko visiwani kuna zahanati. Nimemwambia ya nini, lakini yeye ni mtu wa maswali.

Ni mimi mama yako, mwenye furaha kuliko wote wanaofua.


Jumapili, 11 Mei

Mama yangu, shikamoo. Wape shikamoo wakubwa wote wa hapo, na hao wapya wawili waambie wasikuchokoze, utawamaliza.

Wimbi linaitwa Kinyozi. Hutalikuta kwenye ramani kwa jina hilo, ni sisi wa mbao tunaoliita hivyo. Chini yake hakuna mchanga, ni mwamba wa matumbawe, tambarare na mkali, na maji juu yake ni ya kiunoni tu. Wimbi linatoka bahari kuu bila kuguswa na kitu, linafika kwenye ukingo wa mwamba na kuinuka ghafla kama mtu aliyekalia msumari. Ukiwahi kusimama, unapita ndani yake, maji yanakufunika kama pango na unatokea upande wa pili. Ukichelewa linakutupa juu ya mwamba, na unarudi umenyolewa mgongo. Ndiyo sababu ya jina.

Mipango inakwenda. Ngazi amepata boti. Mwenye boti atakaa mlangoni, yaani kwenye maji ya kina kando ya mwamba, ambako wimbi halivunjiki, atusubiri hapo. Tumechagua siku za maji mafu, wakati bahari haijai sana wala haipwi sana, maana kwenye bamvua mwamba unatoka nje kabisa kama meno. Kila mtu mbao mbili kwa sababu mmoja lazima utavunjika. Kamba mpya za kufunga mguuni, viatu vya mpira, na kofia ngumu, ingawa Ngazi analalamika kwamba ikiwa kichwani yeye na urefu wake anaonekana kama fundi wa nguzo za umeme.

Mwambie Bi Pasi zahanati ipo, ila ni mwendo wa boti wa asubuhi nzima bahari ikiwa imetulia. Ngazi anajua kushona kidonda.

Hotelini ni wageni juu ya wageni. Nawafundisha kuogelea toka asubuhi mpaka ngozi ya vidole inakunjamana. Siku hizi nalala mapema na naamka nimechoka vilevile. Nadhani ni msimu tu.

Wako, Dagaa.


Jumapili, 18 Mei

Dagaa wangu,

Kinyozi! Nimelitamka jina hilo hapa wiki nzima mpaka wauza mboga wa getini wanalijua. Nilipowasomea, mikono yote ilisimama juu ya mashuka. Kisha Bi Pasi, ambaye mwanawe ni mhasibu kama alivyokwisha kutuambia mara ngapi sijui, akasema, "Wangu mimi anakaa kwenye kiti." Nikamwambia ndiyo, na kiti nacho kina miguu minne, hakijawahi kwenda popote.

Wakacheka. Lakini mmoja akasema maneno ya kunichoma: "Mama Dagaa, kusema atakwenda ni kusema tu. Hata mimi nasema nitajenga." Damu ilinipanda. Nikaweka shuka chini. Nikamwambia mwanangu akisema amesema, na mwezi ujao atapita ndani ya wimbi hilo na kutokea upande wa pili, na picha italetwa hapa. Msimamizi akasikia. Akasema kama ni hivyo, picha ya Dagaa itatundikwa pale mlangoni tunapobadilishia viatu, watu wa hoteli zote wakileta mashuka waione. Nikampa ile niliyonayo kwanza, ile umeshika ubao kwapani unacheka. Ameshaipigilia. Kila asubuhi navua viatu mbele yako.

Unaona ulivyonifanya mtu? Miaka yote hii hapa nilikuwa "yule wa mashuka."

Bi Pasi anauliza, hiyo kamba ya mguuni, ikinasa kwenye mwamba mtu anaifunguaje akiwa chini ya maji? Na anauliza kama huyo mwenye boti ana macho mazuri au ni mzee. Na anauliza kwa nini msiteleze kwenye maji marefu. Mjibu tu, nitulie.

Kula vizuri. Uchovu ni damu. Mimi mwenyewe mgongo umeanza kuniuma upande mmoja, lakini upande wa pili haujambo, kwa hiyo nashukuru.

Mama yako.


Jumapili, 25 Mei

Mama, shikamoo.

Ni fupi kwa sababu mkono wa kulia unaniuma begani. Si kitu, ni kuvuta watoto wa wageni kutoka upande wa kina.

Mwambie Bi Pasi: kamba ina ulimi wa kuvuta, ukiuvuta inaachia hata kama huoni. Mwenye boti ana macho ya kunguru. Na kwenye maji marefu wimbi halisimami, linapita chini yako tu kama mtu asiyekujua. Ni mwamba ndio unaolisimamisha. Kizuri na kibaya vinatoka mahali pamoja, hatuwezi kuchukua kimoja.

Picha ya mlangoni, Mama. Ilikuwa lazima?

Tumeshapima mbao, tumeshanunua nta ya kuzipaka ili mguu usiteleze. Ngazi anaimba kutwa. Amekwenda kwa mwenye boti mara chungu nzima kubadilisha saa ya kuondoka, mwenye boti amemwambia akija tena ataondoka peke yake na boti.

Wako, Dagaa.


Jumapili, 1 Juni

Dagaa wangu,

Unaniuliza picha ilikuwa lazima? Wewe hujui watu. Juzi alikuja meneja wa hoteli moja kubwa kulalamikia madoa kwenye vitambaa vyake vya meza. Amefika amefura kama andazi. Msimamizi akamwonyesha picha: "Huyu ni mtoto wa mkunjaji wetu, anakwenda kuteleza kwenye Kinyozi." Mtu mzima akasahau vitambaa! Akauliza ni nani mama yake. Nikatoka mbele na aproni yangu. Akanipa mkono, mkono wangu umelowa, wake mkavu. Nikamwambia amezaliwa mdogo kiasi kwamba wakunga walimwita Dagaa, na sasa papa wanampisha. Hapo kwenye papa niliongeza chumvi kidogo, nisamehe.

Sasa kila mtu anaulizia. Wapya wale wawili wameweka alama kwenye kalenda. Huwezi tena kurudi nyuma, mwanangu, utaniua kwa aibu! Natania. Lakini kweli.

Zamu zimekuwa ndefu, mashine kubwa haijapona. Nikifika nyumbani nakaa kitandani na mkoba ukiwa bado begani, najiambia nitasimama sasa hivi. Lakini usijali, nikikumbuka Kinyozi napata nguvu.

Bi Pasi anauliza kama mtu akigonga kichwa, kofia inatosha. Anauliza kama Ngazi anaogelea vizuri au ni mrefu tu. Anauliza kama wewe unaogopa. Mimi nimemwambia mwanangu haogopi, aandike mwenyewe kama anabisha. Andika ili nimwonyeshe.

Mama yako anayekuringia.


Alhamisi, 5 Juni

Mwanangu,

Hunijui kwa sura. Mimi ndiye ninayeshika upande wa pili wa shuka. Wananiita Bi Pasi kwa sababu ya kazi niliyoanza nayo hapa, wengine wanasema ni kwa sababu ya ulimi.

Wiki iliyopita mama yako aliisahau barua yako kwenye kibanio akaenda kunywa chai, nikaisoma. Naona unanijibu maswali. Maswali gani? Mimi sijauliza kitu. Sijui kamba ya mguuni ni nini. Sijawahi kuuliza habari za zahanati, wala macho ya mtu mwenye boti.

Na kuna jambo jingine. Barua uliyoandika wewe siyo anayotusomea. Kwanza alitusomea maji ni marefu na safi, unaona mpaka chini. Nikaitafuta barua ile mfukoni mwa aproni yake nikaona umeandika ya kiunoni. Uliandika zahanati iko mbali, yeye alisoma kwamba ipo hospitali na daktari wake amesomea nje. Umeumia bega, alisoma kwamba bega limekuwa kama la mwanamieleka. Anasoma bila kukwama hata kidogo, ungedhani kweli imeandikwa.

Nilitaka kucheka. Kisha nikautazama upande wake wa shuka. Mama yako ndiye mkunjaji bora humu ndani, na usimwambie nimesema. Siku hizi pembe zake hazikutani. Tunasogeleana na shuka, anafika katikati anasimama, macho yapo kwenye ile picha, mpaka nimwite. Akiondoka nayafungua mashuka yake nayakunja upya, asijue.

Kujivuna kwake tumekuzoea, ni kama mvuke wa humu, siku tukikosa tutajua kuna kitu kimekufa. Lakini hakuna anayekudai wimbi, mwanangu. Yule aliyesema "ni kusema tu" alikuwa anamchokoza ili siku ipite. Kazi ya kukunja ni ndefu.

Sikwambii uende, sikwambii usiende, sikukuzaa. Nakwambia tu kwamba maswali si yangu. Mtu akijibu ajue anamjibu nani.

Bi Pasi.


Jumatano, 11 Juni

Mama,

Hii usiisome kwa sauti.

Iondoe kwenye kibanio, iweke mfukoni, usome ukiwa peke yako.

Jumamosi tulikwenda kujaribu boti. Kinyozi alikuwa amelala, wimbi la magotini tu, maji kama kioo. Nikavaa miwani nikaingia kuutazama mwamba. Upo karibu, Mama, karibu kuliko nilivyokuandikia. Kuna vipande vya mbao za watu vimenasa kwenye mashimo, vimeota majani ya bahari. Nikaelea pale juu yake nikijisikiliza.

Hofu naijua. Nimeteleza nayo miaka yote, inakaa nyuma ya ubao kama abiria, hainisumbui. Hii si hofu peke yake. Nimechoka. Nimechoka asubuhi, nimechoka nikiwa nimelala. Nilitafuta ndani yangu ile hamu ya kwenda, ile iliyokuwa inanitoa kitandani kabla ya jogoo, nikakuta barua zako tu. Nikaona mlango wa kiwanda, na wapya wawili na kalenda yao, na wewe unavua viatu.

Nimekuwa nikikuandikia kwa ujasiri kwa sababu najua barua zangu zinasikilizwa na chumba kizima. Hata nikitaka kukwambia nimeumwa, naona kwanza sura za watu ninaowatolea shikamoo. Sijui tena ni mimi ninayetaka Kinyozi au ni wewe. Na nadhani wewe nawe hujui.

Bi Pasi ameniandikia. Usigombane naye, tafadhali. Amenieleza maswali ni ya nani.

Basi niulize mwenyewe, Mama. Sitaki uniamulie. Nataka uniulize wewe, kwa jina lako.

Boti inaondoka Ijumaa ya tarehe 20 alfajiri. Ngazi hajui lolote kuhusu haya. Anapaka mbao nta na kuimba.

Wako.


Jumatatu, 16 Juni

Mwanangu,

Nikwambie yaliyonipata, kisha unihukumu.

Barua imefika leo. Dereva ameivua kutoka kwenye gunia, nami mikono imejaa shuka, nikamwambia ibane hapo kwenye waya. Mazoea, mwanangu. Mazoea hayana macho. Nikafungua sauti yangu ile unayoijua, nikasoma: "Mama, hii usiisome kwa sauti." Na sikusimama hapo! Mdomo ulikuwa umeshika mwendo, nikaendelea, "Iondoe kwenye kibanio, iweke mfukoni." Wale wapya wakaanza kucheka, wakidhani ni utani wenu. Nikabaki mdomo wazi, na mistari mingine yote iko pale mbele ya uso wangu, na mbele ya uso wa yeyote mwenye macho.

Bi Pasi akasema, "Iondoe."

Sikuweza, nilikuwa nimeshika shuka. Akaja yeye, akaitoa, akaikunja bila kuitazama, akanitia mfukoni. Msimamizi akatoka ofisini akazima mashine. Zote. Sijawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. "Haya, jamani, nje. Mvuke umezidi."

"Mvuke gani? Mbona hakuna mvuke?"

"Nimesema umezidi!"

Wakatoka wote. Nikakaa juu ya magunia ya taulo nikakusoma.

Nilikasirika kwanza. Nikasema, mimi! Mimi niliyemlea kwa mikono hii, leo ndiyo namsukuma baharini? Nikasoma tena. Hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ikaisha pia kwa sababu nimechoka, Dagaa, nimechoka hata kuona aibu. Nikalia kidogo kwenye taulo za watu. Zitafuliwa.

Haya, nakuuliza. Mimi, mama yako, si mwingine. Umechoka, mwanangu? Umechoka tangu lini? Unataka kwenda kwenye mwamba huo, au hutaki?

Na mimi nikwambie langu. Naogopa. Nimeogopa tangu barua ya kwanza. Nilikuwa naikunja hofu yangu kama ninavyokunja shuka, pembe kwa pembe, ikaonekana ndogo. Lakini shuka likikunjwa halipungui, linachukua nafasi ndogo tu. Kila nilipowaringia hawa nilikuwa najiambia, ukisema kwa sauti kwamba atarudi salama, atarudi. Sikujua kwamba unaisikia huko uliko.

Usiende kwa ajili yangu. Ukienda, iwe ni wewe umetaka. Usipokwenda, sina cha kukulaumu, na atakayekulaumu tutaonana naye hapa.

Waliporudi ndani walinitazama kama mtu aliyefiwa. Mmoja wa wale wapya akaniuliza polepole, "Mama Dagaa, haendi tena?" Nikamwambia sijui. Neno hilo sijawahi kulisema mule ndani, lilikuwa kama kuvua nguo. Halafu ulimi wangu, unaujua, ukashindwa kukaa. Nikawaambia, "Nani kati yenu ana mtoto anayeweza kumwambia mama yake kwamba amechoka? Nani? Nyie mtaambiwa na majirani!"

Bi Pasi akasema, "Afadhali. Nilidhani umetufia." Sikugombana naye. Nimempa tu upande mzito wa shuka.

Lori linaondoka Alhamisi. Dereva ameapa utaipata kabla ya boti. Nimemwambia asipokufikishia asikanyage hapa.

Mama yako.


Jumatatu, 23 Juni

Mama, shikamoo.

Dereva alifika gatini Ijumaa, tumeshapakia mbao, mwenye boti ameshawasha injini. Alikuja amevaa ndala moja, nyingine imekatika njiani, anapunga bahasha na kupiga kelele, "Msiondoke! Nitafukuzwa na mkunjaji!" Ngazi akadhani tumesahau mafuta.

Nikaisoma barua yako nimekaa juu ya mbao. Nikaisoma tena tulipotoka nje ya maji tulivu. Nilikuwa sijaamua, Mama, nataka ujue hilo. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona, bila mtu yeyote kunitazama, kama nataka.

Kinyozi alikuwa ameamka. Sitakuelezea kimo chake. Sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ngazi aliruka majini hata boti haijasimama. Nami nikaingia. Nikapiga maji mpaka mahali pa kusubiri, nikakaa juu ya ubao, miguu imening'inia. Likaja wimbi, lilikuwa langu, mahali pake hasa. Ngazi akapiga kelele, "Lako! Nenda! Nenda!" Nikageuza ubao, nikapiga mikono. Nikajiuliza kwa swali lako lilelile, unataka au hutaki. Nikaacha kupiga. Likapita chini yangu, likavunjika mbele, nikaona mgongo wake.

Nikaketi pale nikingoja nione aibu. Haikuja. Kilichokuja ni usingizi. Kweli, Mama, usingizi, katikati ya bahari. Nikarudi mlangoni, nikapanda boti. Mwenye boti akanirushia kitambaa kikavu. Nikajilaza juu ya kamba nikalala mpaka Ngazi aliporudi. Alipita ndani ya mawimbi mawili akatokea, la tatu likamnyoa bega na sikio. Alikuwa anacheka huku anavuja damu. Nilimsafisha nikamshona. Akaniuliza kwa nini niliachia lile. Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Ungesema! Mimi nilidhani umenuna kwa ajili ya nyimbo zangu."

Ndiyo hivyo. Hakuna picha. Sikupita ndani ya kitu chochote. Nimeomba ruhusa hotelini, wamenipa. Sijui nitakwenda wapi. Labda nitalala hapahapa chumbani tu, niisikie bahari kwa mbali.

Dagaa.


Jumapili, 29 Juni

Dagaa wangu,

Marahaba.

Nimeisoma peke yangu, kisha jana nikawaambia, maana wale wapya walikuwa wanakaribia kupasuka. Nilisimama nikasema: alikwenda, wimbi likaja, akaliacha. Nikaishia hapo. Walingoja. Walinizoea kuwa na la pili na la tatu. Nilikuwa nalo, mwanangu, lilikuwa limefika kwenye meno, wimbi lingekuwa refu kuliko kiwanda na ungeliacha kwa kulionea huruma. Nikalimeza. Limeniuma tumbo kutwa nzima.

Yule wa "ni kusema tu" akacheka. Nikamwacha acheke. Alipomaliza hakuwa na mwenzake, akarudi kwenye foronya zake.

Unasema utalala hapo chumbani kwako, umezungukwa na kazi, mtu akigonga mlango anataka kufundishwa kuogelea. Hapana. Njoo huku. Fundi ametengeneza mashine kubwa, zamu zimerudi kuwa za kibinadamu, nami nimeomba siku zangu za mapumziko ambazo sijazigusa. Msimamizi aliuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, nataka kukaa.

Nimetandika kitanda chako. Hakuna mpango wowote. Tutalala mchana kama watu wasio na haya. Ukitaka kunieleza utanieleza, ukitaka kunyamaza nitajitahidi, ingawa hilo nalo utalazimika kunifundisha, mimi si mwanafunzi mwepesi.

Panda na Dereva kwenye lori, keti mbele, usikubali kuwekwa na magunia. Usinibebee zawadi. Usinibebee hata habari. Watu watakuja mlangoni, unawajua, wataniuliza Dagaa amefanya nini safari hii.

Nitawaambia amekuja.

Mama yako.